Mwalimu Ahmad ibn Majid na Kilimia cha Milepa

Julai iliyopita, nikiwa fildi, nilifundisha makosa mawili ndani ya wiki moja. La kwanza nililirekebisha kwa kuamka usiku wa manane. La pili sikupata nafasi, maana nililigundua nimesharudi chuo, bumu limekata na nauli ya kurudi Rukwa hakuna. Ndiyo sababu naandika hapa.

Nilipangiwa shule ya sekondari huko kwetu Milepa, bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Mkisikia Sumbawanga mnaanza utani wa uchawi, nimeshauzoea. Ambacho hamkijui ni anga la kule. Taa ni chache, na Julai mvua hakuna wala mawingu. Ukitoka nje usiku nyota zinakuangukia usoni. Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ni Historia na Jiografia, nikaona hapa nitawaacha watoto midomo wazi. Nilikuwa na picha ya Kilimia kwenye simu, pamoja na maelezo niliyoyapata kwenye ukurasa wa kizungu, kwamba kundi hilo la nyota huonekana vizuri jioni za majira ya baridi. Kwetu baridi ni Juni na Julai, uliza mtu yeyote aliyewahi kulala Sumbawanga mjini bila blanketi. Basi nikawatoa kidato cha pili wanaokaa hosteli, saa mbili usiku, tukasimama uwanjani shingo juu.

Nge alikuwa utosini, amejikunja na mkia wake. Msalaba wa Kusini ulikuwepo. Kilimia hakikuwepo. Tulizunguka pande zote mpaka mtoto mmoja akaniuliza kwa adabu kama labda kimehama. Mwanafunzi wa Jiografia wa chuo kikuu nilikuwa nimesahau kwamba baridi ya Ulaya ni Desemba hadi Februari!

Nyumbani nilimsimulia bibi, naye akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia Kilimia kilishaondoka tangu mvua zinaisha, na kwamba sasa kimerudi ila kinatoka usiku mkubwa. Nikitaka kukiona nisubiri jogoo wa kwanza. Saa kumi na robo alfajiri nikatoka nje na kukikuta upande wa ziwa, juu kidogo ya miti, kimejikusanya kama vifaranga. Kesho yake niliwaambia wanafunzi ukweli. Waliokuwa na moyo waliamka, wakakiona, yakaisha.

Kosa la pili lilikuwa kwenye Historia. Mada ilikuwa ujio wa Wareno, na niliandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi nilipokuwa kidato cha pili: Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akapewa baharia Mwarabu aitwaye Ahmad ibn Majid, akaongozwa mpaka India. Mstari mmoja, tukaendelea na Fort Jesus. Niliporudi chuo nikaenda maktaba kutafuta habari za Kilimia ili yale ya uwanjani yasinikute tena. Kitabu kilichonijibu vizuri kuliko vyote kilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya maandishi ya Ahmad ibn Majid, iliyofanywa na G. R. Tibbetts na kutolewa mwaka 1971. Kumbe yule mtu wa mstari mmoja alitumia maisha yake yote kujibu swali lililonishinda uwanjani, yaani nyota fulani inaonekana lini na upande gani.

Alizaliwa karibu na mwaka 1432 huko Julfar, bandari ya Ghuba ambayo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Babu yake alikuwa muallim wa baharini na baba yake pia. Neno hili wenzangu wa ualimu mlisikilize vizuri. Kwenye majahazi ya zamani nahodha alikuwa msimamizi wa chombo na mali, lakini mwenye kujua njia, nyota na pepo alikuwa muallim, na ndilo neno lililotupa mwalimu. Rubani naye ametoka huko huko kwenye maji, ni rubban wa Kiarabu, kabla hajapandishwa ndege. Hata msimu ni mawsim, wakati wa kusafiri. Tunaongea Kiswahili cha mabaharia kila siku na hatujui.

Familia yao ilisifika kwa Bahari ya Shamu, ambayo ni nyembamba, ina miamba mingi, na imemeza vyombo vingi. Baba yake alitunga shairi refu lenye zaidi ya beti elfu moja kuhusu njia za bahari hiyo. Watoto wengi wangelikariri tu shairi la baba na kula nalo mkate. Ahmad alilikariri, kisha akapita njia zile zile akipima, na palipokuwa na kosa akaandika kuwa pana kosa. Alieleza kwamba babu alipima, baba akasahihisha ya babu, naye akasahihisha ya wote wawili. Kwa jamii ya wakati ule (na ya sasa, tusidanganyane) kumsahihisha mzazi kwa maandishi ni jambo zito. Lakini ukikosea mwamba baharini hakuna marudio ya mtihani.

Mwaka 1462, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alikamilisha kazi yake kubwa ya kwanza, al-Hawiya, nayo ni shairi la beti zaidi ya elfu moja. Ukijiuliza kwa nini mtu aandike hesabu za bahari kwa mashairi, jaribu kusoma kitabu usiku kwenye jahazi linaloyumba, bila taa, huku maji yanakurukia. Kilichofungwa kwa vina kinakaa kichwani. Karibu na mwaka 1490 alimaliza kitabu chake maarufu zaidi, Kitab al-Fawaid, hiki sasa kwa nathari, chenye sehemu 12. Humo kuna sifa za muallim, vituo vya mwezi, mielekeo ya dira, misimu ya safari, pwani na visiwa. Kazi zake zinazojulikana ni kama 40, nyingi zikiwa mashairi.

Kilimia yeye alikiita Thurayya, jina la Waarabu tangu zamani. Kwake kilikuwa na kazi zaidi ya moja. Kwanza ni kituo cha tatu kati ya vituo 28 ambavyo mwezi hupitia mbinguni, kituo kimoja karibu kila usiku. Pili, jina lake lilitumika kwenye dira. Dira yao iligawanywa pande 32, na pande hizo ziliitwa kwa nyota zinazochomoza au kuzama huko. Kaskazini ni Jah, nyota ya ncha. Ukishuka kuelekea mashariki unapita Farqad, Nash, Naqa, Ayyuq, Waqi, Simak, halafu Thurayya, ndipo unafika mashariki kamili. Nusu ya kusini ina majina yake, Suhail akiwemo. Upande wa magharibi majina ni yale yale, ila sasa ni mazamio badala ya machomozeo. Muallim akimwambia mshika usukani aelekee machweo ya Thurayya, hakuna haja ya maelezo mengine. (Wapenda hesabu watanishika hapa. Upande wa Thurayya kwenye dira uko kama nyuzi 11 kutoka mashariki, wakati Kilimia chenyewe pale Milepa kinachomoza kama nyuzi 24 kaskazini mwa mashariki. Jina la upande si nyota yenyewe.)

Kazi ya tatu ndiyo iliyoniumbua mimi, kalenda. Ibn Majid alikuwa Mwislamu na kazi zake aliziwekea miaka ya Hijria, lakini safari hakuweza kuzipanga kwa miezi ya Hijria, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua. Kaskazi na kusi havisubiri mwezi mwandamo. Kwa hiyo alihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua uliotoka kwa Waajemi, na ambao pwani yetu bado inaujua kama Siku ya Mwaka. Pamoja na hesabu hiyo aliziangalia nyota, ipi imechomoza alfajiri na ipi imezama magharibi.

Hesabu yenyewe si ngumu, ni ya kidato cha pili kabisa, na ningeijua mapema nisingeaibika. Kila siku nyota huchomoza mapema kuliko jana kwa dakika kama 4. Kwa mwezi mmoja ni saa 2. Kilimia kikichomoza saa tisa na nusu usiku katikati ya Julai, katikati ya Agosti kitachomoza saa saba na nusu, Septemba saa tano na nusu, na ukiendelea hivyo, katikati ya Novemba kinatokea mashariki mara tu baada ya giza kuingia. Kuanzia hapo unacho usiku kucha. Kisha kila jioni unakikuta kimesogea juu zaidi, na baadaye kinaanza kuelekea magharibi, mpaka mwishoni mwa Aprili kinaponing'inia chini huko jua likiwa limezama muda si mrefu. Mei jua linapita karibu nacho na hukioni kabisa. Waarabu wa kale walisema Thurayya hujificha siku 40. Juni kinarudi, lakini alfajiri.

Milepa kina tabia yake ya ziada. Magharibi tuna ukuta wa Lyamba lya Mfipa, na kwa sababu hiyo Kilimia kinatuaga siku kadhaa kabla hakijawaaga watu wa tambarare.

Sasa angalia inavyokutana na jembe. Novemba kinapotokea jioni ndipo mvua za Rukwa zinapoanza kunukia. Jina lenyewe lina kulima ndani yake, na si kwa Waswahili tu. Wazulu na Waxhosa wanakiita isiLimela. Pwani kuna ule msemo kwamba kikizama wakati wa mvua kitaibuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua kitaibuka kwa mvua. Bibi yangu hajawahi kuiona bahari, na Ibn Majid hakuwahi kushika jembe la Milepa, lakini wote wawili walitazama kitu kile kile na kukihesabu. Wazungu walikiingiza kwenye orodha ya Charles Messier kikawa namba 45, orodha ambayo toleo lake la kwanza lilichapwa mwaka 1774. Leo tunajua ni kundi la nyota zaidi ya 1000 zilizozaliwa pamoja, umbali wa miaka ya nuru kama 440. Mwanga nilioukuta juu ya miti kwa bibi ulitoka kwenye nyota hizo enzi Wareno wapo Mombasa.

Turudi kwenye jahazi. Kupima nyota alitumia kibao cha mbao chenye kamba katikati, kamba ina mafundo. Unang'ata fundo kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Kipimo chao kilikuwa kidole, na mduara mzima wa mbingu una vidole 224, kwa hiyo kidole kimoja ni kama nyuzi 1.6. Jah ikiwa vidole kadhaa juu ya upeo, muallim anajua yuko usawa wa bandari gani. Tatizo linaanza ukija kwetu. Ukivuka ikweta kuelekea Mombasa na Kilwa, Jah inazama baharini hata hukioni kipimo chako. Inabidi utumie Farqad wawili, nyota za Nash ambazo ni zile saba za Dubu Mkubwa, na nyota za kusini. Ibn Majid alitunga shairi zima kuhusu pwani hii, liitwalo al-Sufaliya kwa jina la Sofala, Msumbiji ya leo, ambako dhahabu ilipakiwa. Humo pwani ya Waswahili imepimwa bandari kwa bandari. Nilisoma Historia miaka sita sekondari na sikuwahi kuambiwa hili.

Simtakasi. Alikuwa mtu wa kujisifu sana. Aliwataja mabingwa watatu wa zamani, Muhammad ibn Shadhan, Sahl ibn Aban na Layth ibn Kahlan, wanaoitwa simba, akasema yeye ndiye wa nne. Na hata hao hakuwaacha. Aliwalaumu kwamba walikusanya habari za watu wengine bila kusafiri vya kutosha. Nikisoma hapo niliona aibu kidogo, maana notisi zangu za Kilimia zilikuwa hivyo hivyo, zimekusanywa kwa bando bila kutoka nje.

Kuhusu Malindi sasa. Vasco da Gama alifika huko Aprili 1498, na mfalme wa Malindi alimpa kweli mtu wa kumwongoza. Waliondoka Aprili 24, na baada ya siku 26 wakatia nanga karibu na Calicut. Lakini waandishi wa Kireno wenyewe hawamtaji Ibn Majid. João de Barros anamwita yule rubani Malemo Cana na kusema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, India. Malemo ni muallim tu, cheo, na Cana au Canaca wataalamu wanalifananisha na neno la Kihindi la mpiga falaki. Yaani ni cheo juu ya cheo, jina la mtu halipo. Jina la Ibn Majid linatoka kwa mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika zaidi ya nusu karne baadaye. Yeye ndiye aliyesema kwamba Ibn Majid alileweshwa na Wareno ndipo akawaonyesha njia. Mwaka 1922 mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand akaunganisha habari hizo mbili, vitabu vya shule vikazibeba.

Tibbetts na wengine waliokuja baadaye wamezichambua na kuzikataa. Mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60 na Julfar ni mbali na Malindi. Ni mtu aliyependa kujitaja, lakini katika maandishi yake yaliyobaki hakuna anapodai kumwongoza da Gama. Mimi nakubaliana nao. Kinachoniuma si kwamba tulikosea jina. Ni kwamba mtu aliandika kazi 40, halafu kile kimoja tunachomkumbukia, kumfungulia mlango mvamizi akiwa mlevi, ni kitu ambacho pengine hakukifanya. Na mimi nimekipeleka Milepa kwa chaki yangu.

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 1500, na inaaminika hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mabaharia hawakumsahau. Sulayman al-Mahri wa Shihr aliendeleza kazi yake. Mwaka 1554 amiri wa Kituruki, Sidi Ali Reis, aliyekwama India na meli zake, aliandika kitabu cha bahari akitegemea sana maandishi ya hao wawili. Karne tatu baadaye, katikati ya miaka ya 1850, Richard Burton alipokuwa njiani kuja Afrika Mashariki aliwakuta mabaharia wa Aden wakimsomea Fatiha Sheikh Majid, wakiamini ndiye aliyevumbua dira. Hakuivumbua, ila nadhani hilo angelipokea bila kulisahihisha.

Al-Sufaliya nayo ina kisa chake ambacho jarida la wanafunzi haliwezi kukiruka. Nakala yake ilikaa Leningrad, Urusi, ndani ya mswada wenye mashairi yake matatu. Profesa Krachkovsky alimwonyesha mwanafunzi wake, Teodor Shumovsky, ambaye aliamua huo ndio utafiti wake. Mwaka 1938, akiwa bado chuoni, Shumovsky alikamatwa na serikali ya Stalin na kupelekwa kambini. Alitoka, akakamatwa tena. Kitabu chake cha mashairi hayo matatu kilitoka mwaka 1957, karibu miaka 20 baada ya kukamatwa. Sisi tunalalamika kwamba msimamizi wa tasnifu hapokei simu!

Novemba mwalimu mwenyeji wangu alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Niliwaomba wanafunzi waandike jioni ya kwanza watakayokiona Kilimia kabla ya kulala. Mmoja aliandika Novemba 9, saa mbili na robo usiku. Mwingine Novemba 14, saa mbili kasoro kumi. Wa tatu ameandika mawingu siku sita mfululizo, kisha akaandika mvua. Nimewajibu wasifute hata mstari mmoja, na mwakani waanze tena mapema zaidi.

Daftari la Historia ndilo bado lina ule mstari wa Malindi. Nakala moja ya jarida hili likitoka naifunga kwenye bahasha, naipa kondakta wa basi la Sumbawanga.